Mama Hakukata Simu

Nilifanya kazi ya kuongea kwenye simu kwa miaka mitatu, na katika miaka hiyo nilijifunza kusema uongo kwa sauti ya mtu anayeombea mgonjwa. Nasema hivyo mapema, msomaji asije akanihurumia kabla ya wakati.

Kazi yenyewe ilikuwa katikati ya mji wa Lubumbashi, orofa ya pili ya jengo moja ambalo madirisha yake hayakufunguka. Kampuni ya simu haikutuajiri yenyewe. Iliikodi kampuni nyingine, na hiyo nyingine ndiyo iliyotupa kaski za masikioni, viti vya kuzunguka na mikataba ya miezi sita sita. Simu zetu wenyewe tuliziacha kwenye kabati mlangoni. Asubuhi tulipiga sisi, na kuanzia saa tano tulipigiwa.

Asubuhi tuliuza. "Bonjour, mama! Félicitations, balichagula namba yenu!" Ilichaguliwa kwa ajili gani? Kwa ajili ya wimbo wa kuwaburudisha wanaokupigia, au aya ya Biblia ya kila siku, vitu vilivyokula unite, salio la simu yako, kila kulipokucha. Nilikuwa bingwa wa kazi hiyo kwa sababu moja tu: mtu wa kwetu aliyelelewa vizuri hawezi kumsikiliza mwenzake kimya. Kila ukivuta pumzi anaitika "eeh", kukuonyesha kwamba yupo. Mimi niliivizia "eeh" hiyo. Ikitoka tu, nabonyeza: mteja amekubali.

Wale tuliowanyoa bila maji asubuhi ndio waliotupigia baadaye kulalamika. Mkuu wa chumba alipita nyuma ya viti vyetu na saa mkononi. Simu yako ikizidi dakika tatu, jina lako liliwaka jekundu ukutani. Ndiyo maana tulikuwa na saloni. Saloni ilikuwa laini isiyofika kwa mtu yeyote, yenye muziki na sauti ya mwanamke iliyorudia kwamba simu yako ni ya maana sana kwetu. Mteja mwenye shida ndefu ulimwambia asubiri, ukamkalisha saloni, kama mgeni unayempa kiti kizuri kisha wewe unatokea mlango wa nyuma. Hakuna aliyekaa humo zaidi ya dakika tano. Wote walikata wenyewe, na mashine ikaandika kwamba wamehudumiwa. Jina hilo la saloni nililitunga mimi, na wafanyakazi wapya walipoingia, mimi ndiye niliyewafundisha namna ya kukalisha watu.

Nyumbani, mtaa wa Hewa Bora, niliishi na mama. Baba alikuwa ameshafariki. Jioni nilimlalamikia mama jinsi watu walivyonikatia simu, wengine na matusi juu, na siku moja nikampa somo ambalo leo nalijutia kuliko uongo wangu wote.

"Mama, muntu akikupigia, usimukatie. Ule naye iko mutoto ya muntu."

"Eeh," mama akasema. "Sitamukatia."

Na mama alikuwa mtu wa kushika neno. Baba yake alikuja mjini kutoka kaskazini ya Katanga kufanya kazi ya reli, na watu wa reli ukiwaambia wangoje, wanangoja. Mama alisimulia jinsi walivyokaa stesheni siku mbili wakingojea treni, wakapika hapo hapo, wakasali rozari hapo hapo, na hakuna aliyeuliza itafika lini. Nilikuwa nikimcheka kwa hadithi hiyo.

Huyo baba yake ndiye aliyemrithisha jina kaka yangu mkubwa. Kwetu, mtoto akibeba jina la babu, mama yake hawezi kulitamka hivi hivi, maana ni jina la mzazi wake. Kwa hiyo mama alimwita kaka yangu "papa" tangu siku aliyozaliwa. "Papa, kuja unyonye." "Papa, leta ile fimbo nikupige." Mimi niliyepewa jina la mjomba fulani asiye na sifa niliitwa jina langu tupu na kutumwa maji.

Papa wa mama alivuka mpaka wa Kasumbalesa akitafuta maisha, akapita Zambia, akaendelea kushuka mpaka Afrika Kusini. Kabla ya kuondoka alimnunulia mama simu ndogo ya vibonye, akaiandikisha laini kwa kitambulisho chake mwenyewe, akaikariri namba mpaka akaweza kuisema kinyumenyume. Huko alikokwenda alibadilisha simu kila mara, au aliazima ya mtu. Sisi hatukuwa na namba ya kumpata. Yeye alikuwa na moja tu ya kutupata, hiyo ya mama. Alipiga baada ya miezi miwili, mitatu, na mama aliishi kwa kungojea. Hata kanisani simu ilikuwa ndani ya kitambaa, kifuani, na padri alishazoea kumwona akiichungulia.

Mwaka huo ilipita miezi saba bila kaka kupiga.

Simu ililia siku ya kazi, karibu saa tano asubuhi, mama akichambua maharage. Namba hakuijua. Haya yote aliniambia mwenyewe baadaye, neno kwa neno, na mimi nayaandika kama alivyoyasema.

"Allo, mama?"

"Eeh."

"Mama, haunijue?"

Mtu mwingine angeuliza wewe nani. Lakini mama alikuwa amengoja miezi saba. "Papa?" akasema. "Njo weye?"

"Eeh, mama. Njo mi, papa."

Basi. Ufunguo mama aliutoa mwenyewe. Katika mji wetu kila mwanaume ni papa: muuza makaa ni papa, mwalimu ni papa, hata mtoto wa jirani anayetambaa ni papa. Mwizi hakuhitaji kujua chochote juu ya babu yangu wala juu ya reli. Alilirudisha lile neno kama alivyolipokea. Kwa mama, hata hivyo, mtu wa kuitika jina hilo alikuwa mmoja tu chini ya jua.

"Papa, sauti yako iko namna gani?"

"Niko na grippe, mama. Huku baridi iko mingi."

"Eeh."

"Mama, simu yangu baliiba. Sasa kampuni itakutumia message, iko na namba sita. Unisomee zile namba, njo nipate kukupigia kila siku."

Kila siku. Ndilo neno lililommaliza. Ujumbe ulipoingia alivaa miwani, akamsomea tarakimu zote sita, moja moja, kwa Kifaransa cha shule ya masista. Yule mtu akasema aksanti mama. Baada ya muda mfupi simu ya mama ikapoteza mtandao, na laini yake ikawa inaishi ndani ya simu ya mtu mwingine.

Mama hakuwa mjinga. Aliona mara moja kwamba kuna kitu. Alikwenda kwa jirani yetu, mwanamke anayekaanga mikate barabarani, akaazima simu yake, na jirani akambonyezea namba ya bure ya huduma kwa wateja, ile inayoandikwa kila ukuta wa mji. Alifanya jambo sahihi kabisa. Laini ikiibwa namna hiyo, kuna muda wa kama saa moja ambapo inaweza kufungwa na kurudishwa kwa mwenyewe kwa kubonyeza mara mbili. Najua, kwa sababu wa kubonyeza nilikuwa mimi.

Simu hiyo niliipokea mimi. Nakumbuka kila kitu chake sasa, ingawa siku ile haikuwa kitu. Laini ilikuwa na mikwaruzo, na mafuta ya jirani yalikuwa yanachemka karibu. "Bonjour," nikasema, na salamu zote za kampuni. Kukawa kimya kidogo. Kisha sauti ya bibi mmoja ikaanza Kifaransa cha kuungaunga, kwa maana mama aliamini kwamba ofisini huongei Kiswahili. "Monsieur, s'il vous plaît... le numéro de mon papa... mon papa..." Nikatazama ukutani. Jina langu lilikuwa limeshawaka jekundu mara mbili tangu saa tano. Nikajua, au nikajifanya kujua, ni hadithi ya namna gani: bibi, baba yake marehemu, laini ya zamani, nusu saa ya maelezo.

"Patientez, mama," nikamwambia kwa ile sauti yangu ya kuombea mgonjwa. "Musikate. Tuko tunaangalia."

"Eeh," akasema.

Nikamkalisha saloni. Nilimkonyeza hata mwenzangu wa kiti cha pembeni.

Jioni niliporudi nilimkuta mama ameketi uani, simu yake iliyokufa ipo mapajani, maharage bado yamo kwenye ungo. Akaanza kunisimulia. Alipofika kwa "mon papa" nilimkatiza. Nikamuuliza alipiga saa ngapi. Akasema. Nikamuuliza yule monsieur alimjibu nini.

"Alisema nipatiente. Nilipatienta mupaka batterie ya jirani ikaisha."

Jirani, aliyekuwa amekuja kumpa pole, akaongeza kwamba muziki ulilia dakika arobaini nzima, na kila yule mwanamke wa kwenye mashine aliposema simu yako ni ya maana, mama aliitika "eeh". Jirani alisema hivyo akicheka kidogo, kumtania.

Hapo ndipo ningesema. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Badala yake nilimgombeza. Nilimpigia mama yangu kelele mbele ya jirani kwamba namba za siri hazipewi mtu, kwamba nimemwambia mara ngapi, na ukweli ni kwamba sijawahi kumwambia hata mara moja. Nilichomwambia ni kwamba asimkatie mtu. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua ungo akaingia ndani.

Kesho yake nilipiga simu kazini nikasema naumwa, nikampeleka mama kwenye ofisi ya kampuni yenye guichet, dirisha la kuhudumia wateja. Tulingoja na kikaratasi chetu cha zamu mpaka zamu ikafika. Binti wa guichet alikuwa kijana, na hakuwa na roho mbaya.

"Namba iko ku jina ya nani, mama?"

"Ku jina ya papa yangu."

Binti akaandika, akatazama mashine, akamtazama mama. "Papa yenu iko mudogo kuliko weye?"

Watu waliokuwa nyuma yetu wakacheka. Mama akaeleza: ni mtoto wake, lakini ni papa yake, maana ana jina la baba yake. Binti akatabasamu.

"Mi nasikia, mama. Mi mwenyewe papa yangu ananiitaka mama. Lakini machine haisikie. Iko inauliza lien de parenté, muko ndugu namna gani, niliisha kuandika papa, sasa inakataa. Inafaa propriétaire, mwenye jina, aye hapa yeye mwenyewe."

"Iko Afrique du Sud."

"Basi mumupigie simu, aye."

Mama alinigeukia. Nilimwona anavyotafuta usoni kwangu kama nimesikia vizuri kile alichosikia yeye. Tumpigie simu. Kwa simu gani?

Binti naye nadhani aliona, kwa sababu alishusha sauti. Akasema kuna njia moja. Kama mama alipiga huduma kwa wateja siku ile ile, ndani ya ile saa ya kwanza, basi simu yake imerekodiwa. Yeye angeomba ile rekodi ifunguliwe, wakubwa wasikie kwamba mwenye simu aliomba msaada mapema, na laini ingerudi bila mwenye jina kuja.

"Mulipiga, mama?"

Mama alinitazama mimi.

Rekodi nilizijua. Zinaanza na nambari ya mfanyakazi, kisha sauti yake. Wakubwa wangesikia shida ya bibi sekunde kumi, wangesikia sauti yangu ikimwambia asikate, halafu muziki wa dakika arobaini. Saloni yote ingefunuka, na mimi ndiye niliyeijenga. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hawakusema kwamba anaweza pia kumsukuma mama yake atangulie.

"Hapana," nikasema. "Alijaribu, haikupita. Ligne ilikuwa occupée."

Binti akamtazama mama, apate kuthibitisha. Mama aliinamisha kichwa, akaanza kukunja kile kikaratasi cha zamu, akakikunja mara nne. "Njo vile," akasema. "Haikupita."

Nilifikiri wakati ule kwamba ananiamini mimi mtu wa simu kuliko anavyojiamini yeye. Nilifikiri amechanganyikiwa na mashine na Kifaransa. Tuliporudi Hewa Bora hatukuongea njiani, nami nikashukuru kwa kimya hicho, na hilo nalo ni kosa.

Nilimnunulia laini mpya. Aliiweka kwenye simu, lakini hakuivika tena kitambaa wala kuipeleka kanisani. Ilikaa juu ya kabati pamoja na viberiti.

Kazi niliyoilinda kwa uongo ule ilidumu miezi minne. Mkataba uliisha, wakaleta vijana wengine, wengi wao niliowafundisha mimi. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi hata mtoto sina, na mjukuu alikuwa ameshakaa nyumbani, anakula nami sahani moja. Kila asubuhi nilipiga ile namba ya zamani ya mama. Mwanzo haikupatikana. Mwizi alikuwa ameitumia kuombea watu pesa akijifanya mama, kampuni ikaifunga, na baada ya muda mrefu, kama wanavyofanya, wakaiuza upya.

Asubuhi moja ikaita. Alipokea kijana mwanafunzi wa chuo cha Kasapa, ambaye alikuwa ameinunua karibu na chuo, mtu wa adabu sana. Nilimsihi anirudishie. Akasema haiwezekani, ameshaiandikisha kila mahali, hata chuoni. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kupiga akitafuta mama.

"Eeh," akasema. "Papa moja alipiga mara mbili. Namba ilikuwa ya inje. Alisema 'allo mama', nikamwambia haina yenyewe, papa, faux numéro. Mara ya pili nilimukatia, mukubwa. Nilikuwa mu cours, mu darasa."

Namba ile alikuwa ameshaifuta. Nikamwomba, kama yule mtu akipiga tena, ampe namba yangu, nikamsomea taratibu. Kila tarakimu aliitika "eeh". Eeh za namna hiyo nazijua vizuri sana, nimeziuza miaka mitatu.

Ilikuwa Jumapili iliyofuata, baada ya misa, ndipo niliposhindwa kuficha. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Nikamwambia kwanza habari za kaka, kwamba alipiga mara mbili na akaambiwa si hapa. Mchi ukasimama hewani.

"Alipiga?"

"Eeh, mama."

"Basi anaishi." Akafanya ishara ya msalaba, akakaa juu ya kigoda, akacheka, machozi yanamtoka. Ningeweza kuishia hapo tena. Nilikuwa na desturi ya kuishia hapo.

"Mama," nikasema, "ule monsieur wa siku ile, ule wa service client..."

"Iko weye," mama akasema.

Alisema kama mtu anayetaja siku ya juma. Nilimuuliza alijua lini. Akasema tangu "bonjour", na kwamba aliniita monsieur kwa sababu nilikuwa kazini, asiniaibishe mbele ya wenzangu. Nadhani mtu aliyekuzaa hahitaji zaidi ya hapo, lakini mimi, mtoto wake, nilikuwa nimemsikia sekunde kumi nzima nisimtambue.

"Na ku guichet? Juu ya nini haukusema?"

"Bangekufukuza." Alifuta macho kwa kanga, akachungulia ndani ya kinu. "Nilikuwa na batoto babili, moja njo alikuwa amebakia."

Kulikuwa na swali moja lililokuwa likinitafuna tangu siku ile ya jirani, swali la mtu wa kazi ile, na nikaliuliza hata kama nililiogopa. Kila mtu hukata baada ya dakika tano. Angekata, angepiga upya, simu ingeangukia kwa mwenzangu mwingine, na huenda huyo angebonyeza mara mbili, na leo papa yake angekuwa anampigia. Dakika arobaini, mama. Kwa nini hakukata?

Mama alinitazama kama nimeuliza neno la kitoto.

"Lakini ulisema nisikate," akasema. "Angekuwa muntu mwingine, ningekata."